Barua ya malalamiko: Mmefuta diski yangu na kunirudishia mafaili ya mtu mwingine

Tabata, Dar es Salaam
8 Desemba 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kitengo cha Matengenezo ya Kompyuta,
Tawi la Kariakoo.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUTWA KWA MAFAILI YANGU NA KURUDISHIWA YA MTEJA MWINGINE – KOMPYUTA YA MEZANI ILIYOPOKELEWA 17 NOVEMBA 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza na ombi lenye haraka. Ile diski ya nje ambayo mafundi wenu huhamishia data za wateja isiandikwe kitu kingine chochote mpaka muipekue na kuona kama mafaili yangu yamo. Mengine katika barua hii yanaweza kusubiri majibu. Hilo haliwezi, kwa sababu kila mzigo wa mteja mwingine unaomiminwa humo unaweza kukalia mahali palipokuwa na vitu vyangu.

Sasa maelezo. Kompyuta niliyowaletea ni ya nyumbani: Core i5 ya kizazi cha nane, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, diski ya terabaiti moja ya ile aina ya kuzunguka, si SSD, ile ya kisasa isiyo na kinachozunguka ndani. Ilitoka dukani na Windows 10 Home ndani yake. Pale kaunta nilieleza kwamba inachelewa kuwaka, inaganda ukifungua folda ya picha, na ukisogeza sikio kwenye boksi unasikia tik-tik-tik. Kijana aliyenipokea aliandika hivyohivyo kwenye fomu ya mapokezi. Nakala yangu ninayo, ile karatasi ya njano ya chini. Kwenye kisanduku cha data ya mteja ameweka tiki kwenye neno "Ihifadhiwe", na pembeni ameandika kwa mkono wake: "D: kikoba + picha. Apigiwe simu kabla ya kufomati," yaani kabla ya kufuta diski ili iandikwe upya.

Sikupigiwa simu. Nilipigiwa siku ya kuifuata tu, nikaambiwa, "Mama, tumekupigia Windows mpya, sasa inapaa," yaani wameisimika Windows upya. Nikalipa Sh. 65,000 na kupewa risiti yenye mistari mitatu: kupiga Windows Sh. 25,000, Windows orijino Sh. 30,000, kuhifadhi data Sh. 10,000. Naomba mstari huo wa mwisho muusome tena polepole.

Diski yangu ilikuwa imegawanywa vipande viwili, C na D. Sasa kuna C peke yake, ya GB 931, yaani terabaiti nzima kama Windows inavyoihesabu. D haipo. Folda ya Windows.old nayo haipo, na mafundi wenu wanajua maana yake. Ukisimika Windows mpya juu ya ya zamani bila kufomati, vitu vya zamani husogezwa kwenye folda hiyo. Na hata kama ilikuwa lazima kufomati, ingefomatiwa C tu na D ikaachwa ilivyo. Hiyo ndiyo sababu watu hugawa diski vipande viwili tangu mwanzo. Kwenye ukurasa ule wa kusimika, kila kipande cha diski kina mstari wake. Fundi anachagua mmoja, anabonyeza kufuta, mashine inamwonya kwamba kila kilichomo kitapotea, anakubali, anahamia mwingine. Kwa hiyo msiniambie mkono uliteleza. Mkono uliofuta C ukashuka kufuta D, ukamaliza hata kile kipande kidogo cha urejeshaji alichoweka mtengenezaji, na kila mara kulikuwa na onyo mbele ya macho.

Baya zaidi lilikuwa kwenye deskitopu. Nilikuta folda iliyoandikwa BACKUP, nikashusha pumzi. Nikaifungua. Ndani mna picha za send-off ya watu nisiowajua, mikataba ya kupangisha nyumba, na skani ya kitambulisho cha NIDA cha mwanamume mmoja, mbele na nyuma. Nilipoona kitambulisho nikaifunga. Sijanakili chochote wala sijamwonyesha mtu, na sitaandika hapa jina nililolisoma. Lakini swali linakuja lenyewe, hata kwa asiyejua kompyuta: kama vya kwake viko kwangu, vyangu viko kwa nani?

Nilipopiga simu dukani, dada aliyepokea alisema pengine sikuhifadhi vizuri. Kuhifadhi ni kazi niliyowalipa ninyi, dada yangu. Kisha akaja fundi mwenyewe kwenye simu, na maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike barua badala ya kuja kupiga kelele Kariakoo. Alisema, "Mama, kompyuta ikishaganda dawa yake ni kupiga Windows tu, na ukipiga Windows data huwa zinapotea."

Yote mawili si kweli. Data hazipotei zenyewe, mtu huzifuta. Na kuganda si ugonjwa mmoja. Huenda ni vumbi kwenye feni, RAM haitoshi, kirusi, au diski inakufa. Mlio niliowaeleza pale kaunta ulikuwa unaonyesha pa kuanzia. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni hizihizi, aliwasha mashine kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, iliyo kwenye fleshi na kusoma ripoti ya SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Sekta nyingi, yaani vijisehemu vya kuandikia data, zimekwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu, na nyingine ziko kwenye foleni zinashindwa kusomeka. Kusoma ripoti ile ni kazi ya dakika chache na hakumgharimu fundi hata shilingi. Mafundi wenu hawakuisoma. Waliikuta diski inayokata roho, wakaibebesha Windows nzima upya, kama mtu anayepaka rangi boriti iliyoliwa na mchwa. Siku ya kwanza ilipaa kweli. Siku hiyohiyo jioni ikaganda palepale ilipokuwa ikiganda, na tik-tik imerudi.

Diski ya namna hiyo haifomatiwi. Inaguswa kidogo iwezekanavyo, inanakiliwa yote kwenda kwenye diski nyingine isiyo na ubovu, kisha kazi inafanyika kwenye nakala. Mngenipigia simu mkaniambia, "Mama, diski yako imeoza, nunua SSD, sisi tutahamisha vitu," ningelipa hata mara mbili ya ile 65,000 na leo ningekuwa nawasifia kwa majirani.

Naja kwenye hiyo "Windows orijino". Kompyuta yangu ilikuwa na leseni yake ya Windows 10 Home, na ufunguo wake umewekwa na mtengenezaji ndani ya ubao mama. Ukisimika Home kwenye mashine kama hiyo, inausoma ufunguo wenyewe, na ikipata intaneti inajiamilisha, yaani inathibitisha leseni yake, bila mtu kulipa senti. Ninyi mmesimika toleo jingine, Pro, ambalo sikuliomba, kisha mkanitoza Sh. 30,000. Tulipoandika amri ya slmgr /xpr, inayoiuliza Windows leseni yake inaisha lini, jibu lilikuwa kwamba uamilishaji huu utakwisha Mei 2026. Leseni ya kununuliwa hujibu kwamba uamilishaji ni wa kudumu. Hii ya kwisha baada ya siku 180 ni ya mfumo wa KMS, uliotengenezwa kwa ajili ya makampuni na vyuo vyenye seva yao ya leseni. Sebuleni kwangu hakuna seva. Kilichopo ni programu ya kuvunja leseni, na ili ipite mafundi wenu waliiambia Windows Defender, kinga ya virusi ya Windows, isiikague folda yake. Yaani mlango mmeuacha wazi kwa makusudi, na mimi natuma M-Pesa za wanachama nikiwa nimeketi mbele ya mashine hiyohiyo.

Kuna jambo lingine dogo. Msaada wa Windows 10 kutoka Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi mmoja kabla sijawaletea mashine. Kompyuta za kizazi cha nane zinakubali Windows 11, na mwenye leseni halali ya 10 hupanda bure. Ingependeza kuulizwa.

Nimetaja wanachama. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha mtaa wetu, na mwezi huu ndio wa kuvunja kikoba. Hisa zimeandikwa kwenye daftari, hilo lipo. Lakini nani alikopa kiasi gani, amerejesha kiasi gani, riba imefika wapi, faini za kuchelewa, na mfuko wa jamii, vyote vilikuwa kwenye faili moja la Excel katika D. Wanawake wale wanataka mgawo kabla ya Krismasi. Wengine wameshaahidi ada za shule za Januari. Ninayaokota mahesabu upya kutoka kwenye meseji za simu na risiti zilizokunjwakunjwa kwenye pochi za watu, na wapo walioanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Mweka hazina anayesema "mahesabu yamefutika" mwezi wa mgawo, Ndugu Meneja, hata ninyi mngemtilia shaka. Picha za familia sitaziandikia mengi hapa. Zilikuwepo, na baadhi ya waliomo wameshatangulia mbele za haki.

Hata hivyo, matumaini yapo, ndiyo maana nawaharakisha. Kufomati kwa haraka kunafuta orodha inayoonyesha kila faili liko wapi, si mafaili yenyewe. Yenyewe hubaki pale hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Windows mliyoisimika imeshakalia sehemu. Ni kiasi gani kimekaliwa, atakayejua ni mtaalamu akiichunguza. Mashine nimeizima na kuichomoa kwenye umeme, na haitawashwa tena. Msimtume kijana aje nyumbani "kuiangalia kidogo".

Ninachotaka ni hiki. Mtafute kwenye diski yenu ya nje na kwenye kompyuta zote mlizohudumia wiki ile, maana mwenye folda niliyoletewa mimi ndiye wa kwanza kuulizwa amepokea nini. Kama vyangu vimekwisha pelekwa kwa mtu, mtake msitake nina haki ya kujua, na mniandikie rasmi. Kama havipatikani, mgharamie urejeshaji wa data kwa mtaalamu nitakayemchagua mimi, aliye na vifaa vya kunakili diski mbovu kabla ya kuanza kuchimbua. Mnirudishie Sh. 65,000 zote, maana katika mistari mitatu ya risiti hakuna hata mmoja uliofanyika kama ulivyoandikwa. Na baada ya urejeshaji, mnisimikie Windows halali kwa leseni yangu mwenyewe kwenye diski mpya. Ya diski nitalipa mimi. Ilikuwa mbovu kabla haijafika kwenu, siwasingizii hilo.

Folda ya yule bwana siifuti na siirudishi kienyeji kwenye fleshi ya fundi. Nitaikabidhi mkishanionyesha kwa maandishi kwamba mwenyewe ameelezwa kilichotokea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023, na kitambulisho cha mteja kilichozurura hadi Tabata ni taarifa binafsi kwa tafsiri yoyote mtakayochagua. Nimetunza picha za skrini zinazoonyesha majina ya mafaili na tarehe zake, bila yaliyomo.

Nawapa siku kumi na nne kwa haya yote. Kwa ile diski ya nje nasubiri simu yenu leo au kesho, hata kama kesho ni sikukuu ya Uhuru. Duka lenu huwa linafungua sikukuu, nimeliona. Mkikaa kimya, suala la data nitalipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na la kuuziwa leseni ya bandia kwa jina la orijino nitalipeleka Tume ya Ushindani. Nisingependa kufika huko. Nimenunua kwenu printa, wino na spika kwa miaka, na kijana wa kaunta aliyeandika ile fomu aliiandika vizuri kabisa. Asiadhibiwe yeye, tatizo ni kwamba hakuna aliyeisoma.

Naambatisha nakala ya fomu ya mapokezi, risiti, picha ya jibu la slmgr, na ripoti ya SMART iliyochapwa. Namba yangu ya simu iko kwenye fomu, ileile ambayo fundi alipaswa kuipiga kabla ya kufomati.

Wako katika kudai haki,

(Sahihi)
Mteja, mwenye kompyuta