Kurasa za safari zituambie kwa nini kamba imewekwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu makala zenu za safari, hasa zile zinazoorodhesha maajabu ya dunia ambayo msomaji anahimizwa ayaone kabla hajafa. Nazisoma zote kwa hamu. Picha zake zinavutia, na nakubali kwamba hakuna maandishi yanayofidia kusimama mwenyewe mbele ya piramidi za Giza au maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria), mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Tatizo langu huanza makala zinapofika kwenye masharti ya kuingia. Kamba ya kuzuia wageni, kikomo cha idadi ya watu kwa siku, tiketi yenye saa maalumu, njia iliyofungwa: vyote vinatajwa kama kero, na mwandishi anamfundisha msomaji jinsi ya kuvikwepa. Masharti hayo yana historia, na mara nyingi historia hiyo ni ya uharibifu tulioufanya sisi wageni.

Tazameni pango la Lascaux, Ufaransa. Vijana wanne waliligundua mwaka 1940, na ndani yake mlikuwa na fahali, farasi na kulungu waliochorwa zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, rangi zikiwa bado zinang'aa. Lilifunguliwa kwa watu mwaka 1948. Ndani ya miaka michache tu, wageni walikuwa wakiingia kwa mamia kila siku. Hakuna aliyekwaruza ukuta wala kuiba kitu. Walipumua tu. Pumzi zao zilijaza pango hewa ya ukaa na unyevu, miili yao ikaongeza joto, taa zikachochea mwani wa kijani kuota ukutani. Mwaka 1963 serikali ikalifunga. Kazi iliyodumu gizani kwa maelfu ya miaka ilikaribia kupotea katika miaka 15 ya kutembelewa na watu waliokuja kwa nia njema kabisa.

Ndiyo maana sikubaliani na waandishi wenu wanaoziita nakala za pango hilo "bandia" na kumshauri msomaji asipoteze muda huko. Nakala ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1983, na nyingine kubwa zaidi mwaka 2016. Zimechorwa kwa kufuata umbo la ukuta, uvimbe kwa uvimbe, ufa kwa ufa, na mtu anaweza kusimama humo aone jinsi mchoraji wa kale alivyotumia uvimbe wa jiwe kuonyesha tumbo la mnyama. Nani analihitaji jiwe lenyewe kiasi cha kuliangamiza? Misri nayo ina nakala ya kaburi la mfalme wa kale Tutankhamun huko Luxor, iliyotengenezwa na mafundi wa Factum Arte ya Madrid na kufunguliwa mwaka 2014. Ningependa kusoma makala nzima kuhusu kazi ya mafundi hao.

Uharibifu mwingine si wa bahati mbaya. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, kuna chemchemi ya maji moto iitwayo Morning Glory, iliyosifika kwa maji ya buluu iliyokolea. Kwa miaka mingi wageni walitupia humo sarafu, mawe na takataka. Vitu hivyo vikaziba mianya ya chini ambamo maji ya moto hupanda, joto likapungua, na bakteria wa rangi ya njano na ya machungwa, ambao hapo awali walikaa pembezoni tu palipopoa, wakasogea kuelekea katikati. Buluu ile imefifia. Wafanyakazi wa hifadhi wamejaribu kuisafisha, lakini haijarudi ilivyokuwa. Anayepiga picha leo anapiga picha ya kidonda, na maelezo chini ya picha hiyo yanapaswa kusema hivyo.

Lakini kuna habari njema pia, na hizi ndizo ninazozikosa zaidi kwenye kurasa zenu. Ghuba ya Maya huko Thailand ilipata umaarufu kupitia filamu moja ya mwaka 2000, ikafika mahali inapokea maelfu ya watu kwa siku. Boti ziliingia mpaka ufukweni na nanga zake zikavunja matumbawe. Mamlaka ziliifunga Juni 2018, kwanza kwa miezi michache, kisha zikaona haitoshi. Haikufunguliwa tena hadi Januari 2022. Katika kipindi hicho matumbawe yalipandikizwa upya, na papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi wakarudi kwenye maji ya kina kifupi. Sasa boti hutia nanga upande wa nyuma wa kisiwa na watu hutembea kwa miguu hadi ghubani. Mwandishi wenu aliulalamikia mwendo huo. Mimi naona ndio unaowafanya papa waliorudi wabaki.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mtu aliyejinyima kwa miaka ili afike Machu Picchu, magofu ya kale huko Peru, anaumia akiambiwa tiketi za siku hiyo zimekwisha. Anaumia zaidi akihisi kwamba mwenye fedha atapitishwa. Kwa sababu hiyo naunga mkono kuweka kikomo cha idadi na saa kuliko kupandisha bei. Mji wa Venice, Italia, ulianza mwaka 2024 kutoza wageni wa kutwa euro 5 katika siku zenye msongamano. Sioni jinsi kiasi hicho kitakavyomzuia mtu aliyekwisha kulipia ndege, na kikipandishwa sana kitamzuia maskini peke yake.

Kwa Uluru, Australia, suala halikuwa msongamano pekee. Wenyeji wa jamii ya Anangu waliwaomba wageni kwa miaka mingi wasiupande mwamba huo, ambao kwao ni mtakatifu. Marufuku ilianza tarehe 26 Oktoba 2019, na katika wiki za mwisho watu walipanga foleni ndefu kuwahi kuupanda. Sitaki gazeti langu liwe miongoni mwa wanaochochea foleni za namna hiyo.

Ombi langu ni dogo. Kila makala ya safari iwe na aya moja inayoeleza masharti ya mahali husika na sababu yake, kwa uzito uleule mnaoupa usafiri na malazi. Mwelezeni msomaji pia majira: kwamba upande wa Zambia wa Mosi-oa-Tunya hukauka sehemu kubwa ifikapo Oktoba na Novemba, kwa hiyo picha mliyoichapisha siyo atakayoikuta. Na pale panapofungwa kwa muda kila mwaka ili papumzike, kama Ghuba ya Maya, chapisheni miezi hiyo mapema, ili watu wapange safari zao kuifuata.

Msomaji wenu wa siku nyingi