Mrututu usiishie kwenye mibuni na mtihani wa chumvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi walimu wenzangu wa kemia, pamoja na wanaoandaa mihtasari ya masomo, wasimwache mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita aijue shaba kama chumvi ya kutambuliwa katika mtihani wa vitendo tu.

Hapa Moshi mrututu, yaani salfeti ya shaba, si mgeni, kwani dawa za shaba zimepulizwa kwenye mibuni yetu miaka mingi kuzuia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Chumvi hiyo hiyo ndiyo inayotumika katika mmenyuko uliochangia Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2022. Mwaka 2002 Morten Meldal wa Denmark na kundi la Barry Sharpless nchini Marekani, kila upande kivyake, walionyesha kwamba shaba huharakisha mno muungano wa azidi (kampaundi yenye atomu tatu za naitrojeni zilizofuatana) na alkaini (kampaundi yenye kifungo cha mara tatu kati ya kaboni mbili) kuwa triazoli, yaani pete ya atomu tano, tatu za naitrojeni na mbili za kaboni. Rolf Huisgen wa Ujerumani alikuwa ameuchunguza muungano huo kwa kina tangu miaka ya 1960, lakini bila kichocheo ulihitaji joto na saa nyingi, na mara nyingi ukatoa triazoli za aina mbili zilizochanganyika, ambazo kuzitenganisha ni kazi. Shaba huishika ncha ya alkaini na kuilazimisha azidi iingie kwa mwelekeo mmoja, hivyo hupatikana aina moja tu, tena hata ndani ya maji na bila kuchemsha. Mwaka 2005 ikaonekana kwamba metali nyingine, rutheniamu, hutoa aina ile nyingine. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko tuzo yenyewe: viambato ni vile vile, lakini metali ndiyo inayoamua umbo la zao.

Azidi ni sumu, na baadhi hulipuka, kwa hiyo mmenyuko wenyewe usijaribiwe kabisa shuleni. Hatua ya kuandaa kichocheo, hata hivyo, inaonyeshwa kwa urahisi: ukitia vitamini C kwenye maji ya mrututu, ile buluu hufifia ikaelekea kijani, kisha manjano, kwa sababu shaba imepokea elektroni na kuwa ile yenye chaji moja, ambayo ndiyo hufanya kazi. Watafiti nao hutumia chumvi ya sodiamu ya vitamini hiyo hiyo.

Ninachoomba ni kipindi kimoja tu cha jambo hili ndani ya mada ya alkaini, na mrututu kidogo utengwe kwa ajili yake.

Mwalimu wa Kemia,
Moshi