Paneli za makabati zikiachana, tusisingizie gundi

Mhariri,

Kiangazi kikikolea hapa Dodoma, wateja huanza kurudisha makabati kwenye karakana zetu za Chang'ombe. Paneli za milango, yaani mbao nyembamba zilizogundishwa ukingo kwa ukingo, zimeachana, mwanga unapita katikati. Fundi husingizia gundi, mteja humlaumu muuza mbao. Mimi naomba tuangalie kwanza ukingo wa ubao ulivyopigwa randa.

Ukingo wa ubao wenye unene wa robo inchi hauna mahali pa kuegemeza randa. Randa ndefu ina upana wa zaidi ya inchi mbili, kwa hiyo mkono ukiyumba kidogo tu, ukingo unakwenda mshazari. Ukiupeleka kwenye mashine, ubao unatetemeka na nyuzi zinamegeka. Njia ya wazee haihitaji umeme. Zifumbe mbao mbili kama kitabu, nyuso za mbele zitazamane, zibane kwenye jiliwa, kisha uzipige randa kwa pamoja. Hata randa ikiinama ikaacha digrii 88 kwenye ubao mmoja, wa pili unapata 92. Ukizifumbua, zinakutana na kulala bapa.

Kisu cha randa kinolewe mpaka kinyoe malaika ya mkononi, na kitokeze kidogo sana, maranda yatoke mepesi. Halafu, na hili kwa Dodoma ni la lazima, punguza kidogo zaidi katikati ya urefu bila kugusa ncha. Ncha za ubao hukauka mapema kuliko katikati, na paini tunayoletewa kutoka Mufindi inakuja kukutana na hewa kavu kuliko ya kwao. Klampu, kibanio kinachoshika mbao gundi ikikauka, ikivuta katikati, ncha zinakandamizana kwa nguvu, hivyo hata zikisinyaa bado zimeshikana. Weka na uzito juu, maana ubao mwembamba ukibanwa hubinuka.

Vijana wanaokuja kwangu wanaendesha mashine vizuri, lakini wengi hawajawahi kunoa kisu cha randa kwenye jiwe. Hili linaniuma. Navisihi vyuo vya ufundi na wenye karakana: wapeni randa ndefu, mbao mbili za robo inchi na muda wa kutosha. Kazi yao ikaguliwe kabla ya gundi, mbao zikiwa zimesimamishwa moja juu ya nyingine mbele ya dirisha. Mwanga ukipita kwenye ncha, warudie.

Fundi seremala,
Chang'ombe, Dodoma