Mizani za samaki zijaribiwe kwa mawe

Mhariri,

Kuhusu habari yenu ya ugomvi wa mizani katika soko la samaki Malindi, ambamo mizani yenye kosa huhesabiwa wizi: si kila kosa ni wizi. Springi ya mizani hulegea kwa mizigo mizito, na chumvi ya bahari huila kwa kutu. Kurudisha mshale kwenye sifuri hakutoshi. Mizani yaweza kuanza sawa ikakosea kwenye kilo 20.

Tangu 2019 kilo haitegemei tena kipande cha metali kilichotunzwa Ufaransa, bali namba ya fizikia isiyobadilika. Hilo ni la maabara. Sokoni, kama enzi ya pishi na kibaba, vipimo vya zamani vya nafaka, twahitaji kipimo cha kulinganishia. Chama cha wavuvi kinunue mawe ya kilo 5, 10 na 20 yenye muhuri wa wakaguzi wa vipimo, yatundikwe kila asubuhi, kutoka jepesi hadi zito, kisha kurudi. Mizani ikitoa majibu mawili kwa jiwe moja, iondolewe siku hiyohiyo.

Fundi mizani,
Malindi