Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Safari ya Masomo Ugiriki, Ada na Mahudhurio

Ndugu Katibu, ndugu Mhazini, wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama mliofika ukumbini, na ninyi mnaotusikiliza mtandaoni mkiwa mmezima kamera,

Nawasalimu nyote. Tumshukuru Mungu kwa kutufikisha kwenye Mkutano Mkuu mwingine tukiwa wazima. Wenzetu wawili walifiwa na wazazi mwaka huu. Rambirambi ziliwafikia, na nawashukuru waliochanga.

Shughuli za kawaida nazipitia haraka kwa kuwa mnazijua. Tuliwapokea wanafunzi wapya wa historia na akiolojia hapa Ujerumani na kuwasaidia kutafuta vyumba. Semina za mtandaoni zilifanyika kama ratiba ilivyoonyesha. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliadhimishwa, na malalamiko kuhusu pilau kwisha mapema tumeyasikia. Mechi na wenzetu wa Afrika Magharibi tulifungwa. Mengine yamo katika taarifa ya Katibu.

Naomba muda wenu zaidi kwa safari ya Ugiriki ya tarehe 24 Februari hadi 2 Machi, maana ndiyo iliyosemwa sana mwaka huu, na sana na watu ambao hawakwenda.

Wazo la safari nililitoa mimi, muhtasari wa kikao upo. Mwanachama wetu mmoja wa siku nyingi aliuliza Mswahili anakwenda kutafuta nini Ugiriki. Nilimjibu siku ile na narudia leo. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayoeleza biashara ya pwani yetu yameandikwa kwa Kigiriki, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na mtu asiyejulikana jina aliyezijua njia za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Anataja soko la Rhapta, pembe za ndovu, magamba ya kasa na mashua zilizoshonwa kwa kamba, kama mitepe tuliyosimuliwa na babu zetu. Huyo alitufahamu sisi mapema. Sisi kwenda kumfahamu yeye si anasa.

Sasa kuhusu Santorini. Najua wengi mmekuja kusikia hili.

Ratiba ya kwanza ilikuwa na siku mbili za kisiwa hicho. Tarehe 6 Februari serikali ya Ugiriki ilitangaza hali ya dharura kisiwani kwa sababu ya matetemeko yasiyokoma. Watu zaidi ya 11,000 walikuwa wameondoka kwa feri na ndege, na shule zilifungwa. Nilimpigia Katibu, tukazungumza na Mhazini, na tarehe 8 tukaifuta Santorini. Hilo ndilo kosa letu, kama mnaliita kosa. Usiku uleule kundi letu la WhatsApp lilijaa ujumbe hadi simu yangu ikazima, na watu ambao sikuwasikia mwaka mzima, si kwenye ada, si kwenye semina, wakapata sauti.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba tulipofika Ugiriki mitikisiko ilishapungua. Ni kweli, ilipungua. Mwenyekiti hana mtambo wa kumwambia tarehe 8 jinsi ardhi itakavyokuwa tarehe 26. Tetemeko kubwa kuliko yote ya kipindi kile, la kipimo cha 5.3, lilitokea tarehe 10, siku mbili baada ya uamuzi wetu. Hakuna aliyenipigia siku hiyo kunipongeza.

Hoja ya pili, ya Makamu wangu, ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Alisema Santorini si picha za nyumba nyeupe tu. Kuna Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita na kuanza kufukuliwa mwaka 1967 chini ya Spyridon Marinatos. Sawa. Lakini ni palepale Akrotiri ambapo Septemba 2005 paa la kukinga magofu lilianguka na kumuua mtalii, na pakafungwa hadi 2012. Hilo lilitokea bila tetemeko. Ningewapeleka vijana 19 chini ya paa jipya ardhi ikitikisika, halafu nikawaeleze nini wazazi wao Tanga na Bukavu? Tena michoro ya ukutani iliyotoka Akrotiri, ile ya swala na ile ya watoto wawili wanaopigana ngumi, iko Athens katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Tuliiona, na tuliiona kwa utulivu. Wenye kiu ya Akrotiri walipewa maji, ila hawakupewa machweo ya kupigia picha.

Hoja ya tatu ni kwamba tuliamua watu watatu bila kuitisha wanachama. Hapa sitakubali. Wanachama waliitishwa. Tarehe 18 Januari tulikuwa na mkutano maalumu wa kujadili safari hiihii, wenye ajenda ya nani ataamua mambo yakibadilika ghafla. Akidi yetu ni theluthi ya wanachama, yaani watu 22 kati ya 64. Walikuja 11. Tuliwangoja kwa saa nzima, chai ikapoa, tukafunga. Katiba yetu inasema akidi isipotimia Kamati Tendaji inaendelea. Kamati iliendelea.

Kwa hiyo nilipofika Pnyx, kilima kidogo cha Athens magharibi ya Akropoli, ule mwamba wenye mahekalu ya kale, ambako Waathene walikutania kwa kura, nilifarijika. Miaka 2,400 iliyopita nao walikuwa na shida yetu. Watu walibaki sokoni wakipiga soga, mpaka ikabidi watumishi wapite na kamba iliyopakwa rangi nyekundu wakiwasukumia mkutanoni, na ambaye nguo yake ilipata doa alitozwa faini. Kwa baadhi ya maamuzi walihitaji watu 6,000. Baada ya mwaka 403 KK wakaanza kuwalipa wahudhuriaji: oboli moja, sarafu yao ndogo, kisha mbili, kisha tatu. Mhazini ameniomba niseme wazi kwamba sisi hatuna oboli. Kamba tunaweza kuipata.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri. Akropoli tulipanda asubuhi yenye upepo mkali. Parthenon, hekalu lake kuu, ilianza kujengwa mwaka 447 KK na kukamilika 432, kwa hiyo wale waliotuambia mipango yetu inachukua muda mrefu wapate kufikiri. Kilicholivunja jengo hilo zaidi ni baruti. Mwaka 1687 Waosmani walikuwa wameihifadhi ndani, na kombora la Wavenisi likaiwasha. Mwanzoni mwa karne ya 19 Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waosmani, akabeba sehemu kubwa ya sanamu zilizobaki, na Bunge la Uingereza likazinunua mwaka 1816.

Katika Makumbusho ya Akropoli, yaliyofunguliwa 2009, ghorofa ya juu imepangwa kuelekea sawasawa na hekalu lenyewe, na palipo na pengo wameweka nakala nyeupe za plasta za vipande vilivyoko London. Huwezi kukosea: hiki cha rangi ya asali ni chao, hiki cheupe ni cha kudai. Vijana wetu walisimama pale wakaanza kubishana habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyesimamishwa Berlin, aliyefukuliwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na kubebwa vichwani na vibarua hadi pwani. Mmoja akasema Wagiriki wamejenga nyumba kwanza ndipo wakadai. Mwingine akasema mwenye mali haulizwi kama ana kabati. Mjadala uliendelea hadi hosteli, na ninaona peke yake ulitosha kulipia safari. Ripoti yake ya maandishi bado naisubiri.

Mycenae tulipita chini ya Lango la Simba na kusikia habari za Heinrich Schliemann, aliyechimba hapo mwaka 1876 na kuamini amempata mfalme Agamemnon. Barakoa ya dhahabu aliyoifukua akidhani ni ya mfalme huyo ina umri mkubwa kuliko vita vya Troya kwa karne kadhaa. Epidaurus, kwenye ukumbi wa kale wa maigizo, dada yetu mmoja wa Lamu alisimama katikati ya jukwaa akaghani beti mbili kwa sauti ya kawaida, nasi tuliokaa safu za juu tukazisikia, kabla mlinzi hajapuliza filimbi. Delphi kulikuwa na baridi. Picha zipo.

Ijumaa tarehe 28 Februari hatukuingia popote. Ugiriki nzima iligoma kukumbuka ajali ya treni ya Tempi iliyoua watu 57 siku kama hiyo mwaka 2023, na uwanja wa Syntagma ulifurika. Kuna waliosema Mwenyekiti angelijua hili mapema. Tulipanda mwamba wa Areopago, alipohutubu Mtume Paulo, tukaitazama Akropoli bure, na hiyo ilikuwa busara yangu. Siku iliyofuata wenzetu waliofunga walianza Ramadhani, na nawashukuru waliowaandalia daku kwenye jiko la hosteli.

Katika Makumbusho ya Taifa, sanamu iliyowakusanya vijana ilikuwa ya shaba: farasi anakwenda mbio na mtoto mdogo mgongoni, iliyotolewa vipande vipande baharini karibu na rasi ya Artemision. Baadhi ya wataalamu wanaiona sura ya mtoto huyo kuwa ya asili ya Afrika. Hakuna aliyetaka kuondoka pale.

Niliyeganda mahali pengine ni mimi, kwenye vibao vya udongo vya Pylos, vya mwaka 1200 KK hivi. Jumba la mfalme liliungua, na moto ule ukavichoma vikawa vigumu, ndiyo maana vipo. Michael Ventris aliyafumbua maandishi yake mwaka 1952, na kilichosomeka ni hesabu: nani ameleta kiasi gani, na nani bado anadaiwa. Wadaiwa wa Pylos wanajulikana hadi leo. Nawaomba mlifikirie hilo tunapoingia kwenye fedha.

Safari iligharimu yuro 9,350. Wasafiri 19 walitoa yuro 290 kila mmoja, jumla 5,510. Wahisani, ambao wengi wao niliwaandikia mimi binafsi, walitoa 940. Yuro 2,900 zilitoka kwenye akiba, nayo imebaki na 1,280. Feri na malazi ya Santorini tulirudishiwa sehemu kubwa, zikapotea yuro 272 ambazo zimo kwenye hesabu hiyo, pamoja na basi la Mycenae na Delphi. Waliotaka tusogeze safari hadi Agosti wajue kwamba tiketi ya Akropoli ilikuwa yuro 10 tulipokwenda, na tangu 1 Aprili ni 30. Na kiangazi hicho hicho, Julai, walilazimika kuifunga saa za mchana kwa sababu ya joto.

Kuna waliosema akiba ingegawanywa, au ifanyiwe sherehe. Mwaka 483 KK Waathene walipata madini mengi ya fedha kwenye machimbo ya Laurion, na wengi walitaka kila raia apewe drakma kumi. Kiongozi wao Themistocles akawashawishi wajenge merikebu. Miaka mitatu baadaye merikebu hizo ziliwaokoa katika vita vya Salamis dhidi ya Waajemi. Sijifananishi na mtu. Ndugu mmoja alinikumbusha, mbele ya kabati la vigae walivyoandikia kura katika makumbusho ya Agora, soko la kale la Athens, kwamba Themistocles huyohuyo baadaye alipigiwa kura ya kufukuzwa mjini kwa miaka kumi. Kweli. Ila ndugu huyo hakusoma maelezo hadi mwisho. Kisimani kando ya Akropoli vilipatikana vigae 190 vyenye jina la Themistocles, na wachunguzi wa mwandiko wakaona vimeandikwa na mikono 14 tu, tayari kugawiwa wapiga kura. Mimi nimepokea barua tisa za malalamiko kuhusu safari. Tano zina makosa yaleyale ya tahajia. Sina zaidi la kusema.

Ada ni yuro 30 kwa mwaka. Wamelipa 27. Tunadai yuro 1,110 za mwaka huu peke yake, na za nyuma Mhazini atazisoma akijaliwa moyo. Kati ya wasafiri 19, sita walipanda ndege wakiwa hawajalipa, na wawili wao wamo kwenye zile barua tisa. Kamati ilipendekeza majina yasomwe leo. Nimekataa kwa sasa.

Mbele yetu, Mungu akijalia na wafadhili wakipatikana, tunatarajia safari nyingine, huenda Aleksandria, huenda Kilwa Kisiwani ili tuanze na nyumbani kama wengine wanavyosema. Tunatarajia pia kufufua jarida letu, na tovuti ipo njiani.

Namshukuru Katibu kwa kusimama nami, na Makamu kwa kupinga akiwa kikaoni na si kwenye simu. Risiti zote ziko kwenye bahasha kwa Mhazini. Anayetaka kuzikagua afike kabla ya chakula, akiwa na stakabadhi yake ya ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti