Mtoto wa mbwa afundishwe kengele, asichapwe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwaeleze wanaofuga mbwa ndani ya nyumba kwamba kumchapa mtoto wa mbwa aliyekojoa sakafuni, au kumsugua pua kwenye mkojo, hakumfundishi chochote ila kujificha nyuma ya kochi akibanwa.

Mpeni njia ya kuomba kutoka nje kukojoa. Tundikeni kengele ndogo mlangoni kwa kamba, ifike usawa wa pua yake. Akiigusa, mpeni papo hapo kipande cha nyama kidogo kama punje ya hindi. Akiogopa mlio, fungeni ulimi wa kengele kwa kitambaa siku za mwanzo. Akishazoea, aigonge kila mnapotoka na mlango ufunguliwe mara moja. Kuanzia hapo nyama apewe nje, akishamaliza kukojoa, si kabla.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni kucheza naye kila akipiga kengele. Ataiona ni ya michezo, ataipiga kutwa. Mfungeni mkanda, mpelekeni pale pale pa siku zote, subirini dakika 5. Asipokojoa, rudini ndani.

Wa wiki 8 bado hawezi kujizuia, hata akiijua kengele. Mchana mtoeni kila baada ya saa 2, na kila akiamka, akila au akimaliza kucheza. Kabla chanjo hazijakamilika asipelekwe wanakopita mbwa wa mitaani. Huko anaweza kuambukizwa parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika, unaoweza kuua watoto wa mbwa kwa siku chache tu.

Wakufunzi wa mbwa,
Arusha