Kwa Kaka, kuhusu ile meseji ya Banana

Shikamoo Kaka.

Umeniuliza mara mbili kwa nini niliondoka ukumbini kabla ya chakula, siku ya sherehe yako ya kustaafu jeshi, na mara zote mbili nimekujibu kwamba kichwa kiliniuma. Kichwa hakikuniuma. Nilishuka Tazara kadi ya mwaliko ikiwa bado mkononi, nikakaa kituoni kama mtu aliyeibiwa pochi.

Wasifu wako ulisomwa vizuri, hilo sina ubishi. JKT Ruvu, chuo cha jeshi Monduli, Luteni Usu na nyota yako moja, hadi Kanali. Kozi ya China. Miaka zaidi ya thelathini ya redio na mitambo, Ukonga, Ngerengere, Mwanza. Shangazi alipiga vigelegele mpaka MC akamwomba apumzike. Nami nilipiga, tena kwa nguvu, maana ninayajua ambayo hayakuwa kwenye karatasi ya MC.

Najua ulianzia uani kwetu, na ile redio ya baba iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndiwe uliyenieleza kwa nini stesheni za mbali zinashika usiku: mchana kuna tabaka huko juu linameza mawimbi, jua likizama linatoweka, mawimbi yanapanda mpaka tabaka la juu zaidi, yanagonga na kurudi ardhini mbali kabisa. Nilikuwa na miaka tisa. Niliwaringia darasa zima.

Na najua habari ya Musoma. Wakati wa Vita ya Kagera wapiga mizinga wetu waliangusha ndege zetu wenyewe, wakidhani ni za Amin. Ulikuwa bado shuleni, lakini hukuacha kuisimulia. Rubani wetu, ulikuwa unasema, ndege yetu, mzinga wetu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "huyo ni wetu" na akaaminika. Wenzako walipigania kurusha ndege. Wewe ukaenda kwenye redio, kwa sababu ya Musoma. Hapo nilikuheshimu, na bado.

Ukishashiba ugali wa mama ulipenda kutupa somo. Ujumbe usiothibitishwa si ujumbe. Masafa ya dharura ni megahezi 121.5 kwa ndege za kiraia na 243 kwa za jeshi, la pili ni maradufu kamili ya la kwanza, na mtu hukaa akiyasikiliza hata kama ana kazi nyingine. Kaka, mama alikuwa kwenye masafa gani?

Jumatano ile, tarehe 16 Februari 2011, hukuwepo nyumbani, kwa hiyo acha nikusimulie mimi, maana ukumbini uliisimulia kama uliyekuwepo. Mabomu ya ghala la jeshi la Gongo la Mboto yalipoanza kulipuka usiku, nilimtoa mama na kanga mbili, mwanangu mgongoni, mlango sikufunga. Barabara yote ilikuwa watu. Wengine walikimbilia Pugu, wengine mjini, na kuna mama alikuwa anaita jina la mtoto akiturudia sisi tuliokwisha kumjibu kwamba hatujamwona. Tulipita kituo cha Mombasa tukikanyaga ndala za watu. Mama na magoti yale! Kila kishindo alikuwa anainama, halafu ananyanyuka anasema twende.

Tulipofika kituo cha Banana akakaa chini. Hapo kwenye meza tupu za wauza matunda, akakaa, akasema haendi popote mpaka ajue ulipo. Nilimwambia uko kambi ya anga, kinacholipuka ni ghala jingine kabisa. Kwake jeshi lilikuwa jeshi. "Mwanangu yuko ndani ya moto ule, nawe unaniambia nitembee." Nilikupigia mpaka kidole kikafa ganzi. Namba unayopiga haipatikani. Vitu vinaruka angani nyuma yetu, mtoto analia, na mama amejifunga kanga kiunoni kama aliyefika msibani.

Ndipo nikawasha kioo cha simu nikasema, mama, Kaka katuma meseji.

"Nisomee."

Nikasoma kioo kitupu: "Niko salama. Mtoeni mama. Nitakuja nikimaliza kazi."

Alinyanyuka, Kaka. Tukatembea mpaka Uwanja wa Uhuru.

Ulikuja Jumamosi na mkate wa siagi. Sikukulaumu kuhusu hizo siku. Kazi yako naijua, na usiku ule zaidi ya watu 20 walikufa, hukuwa umelala. Mama alikushika mkono akasema asante kwa salamu zako, zimenifikisha mjini. Ukanitazama. Sekunde moja, mbili. Nilikuwa nakusihi kwa macho umkubalie, nakiri. Ukasema, "Nisingeweza kukuacha bila neno, mama."

Ungesema "ndiyo, mama" tu, yangeisha.

Mpaka anafariki aliwasimulia wageni hiyo meseji, nami ndiye niliyekuwa nawamwagia wageni hao chai. Nilivumilia, kwa sababu ilikuwa yake. Lakini ukumbini mama hakuwepo, Kaka. Hukuwa na wa kumtuliza. Ulishika kipaza sauti mbele ya wakubwa zako, ukasema katika kazi yako yote ujumbe unaojivunia ni mmoja, ukautaja neno kwa neno. Mtoeni mama. Maneno yangu! Yale niliyoyatunga nikiwa nimekanyaga maganda ya machungwa.

Ndugu wasomaji mnisamehe, haya mengine ni ya nyumbani.

Nilitaka nikuandikie ushauri wa kustaafu, ndiyo nilivyoanza hii barua kichwani. Usikae ndani ukibishana na televisheni. Pokea simu za watu, hata za shangazi. Usiwape wajukuu amri, waulize. Na jifunze kusema "sikuweza", ni neno fupi. Mimi nililisema mapema: nilimwambia mume wangu siwezi kuhamia Dodoma kwa kuwa mama hana mtu, na nikabaki Gongo la Mboto miaka mingine sita nikimkanda magoti, wakati wewe unapandishwa cheo. Sisemi kwa kukusimanga. Sawa, kidogo nakusimanga. Lakini na mimi nilimdanganya mama yangu mzazi, na sikuwahi kumwambia, na kila aliposema "mwanangu alinikumbuka" nilijiona mwizi na mfadhili kwa wakati mmoja. Ningefanya nini pale Banana? Ungefanya nini wewe? Nimejiuliza, na kila nikijiuliza najikuta nawasha tena kile kioo.

Ungeniuliza hata mara moja ile meseji ilisemaje, ningekuambia. Hukuuliza. Uliyajua maneno yake kwa mama.

Mwanangu, yule wa mgongoni, sasa ana ndevu na anataka kujiunga na anga. Anakusifu kwa ile hadithi yako. Sijamwambia kitu, nakuachia wewe, naye atakuwa nyumbani Jumapili.

Ukija, njoo na redio ya baba. Iko kwako tangu msiba, na haikuwa yako peke yako.